Wakala wa akili mnemba na hifadhidata za jeni za mimea: Ensembl Plants, NCBI, gget au hazina ya ndani?

Mtafiti wa mimea anayetaka kumkabidhi wakala wa akili mnemba kazi ya kutafuta jeni hukutana mapema na uamuzi ambao wakala hawezi kumfanyia: data itoke wapi, na ipitie chombo gani kabla ya kuwa jibu. Wakala ninayemzungumzia ni modeli ya lugha iliyopewa uwezo wa kuita programu nyingine, kusoma majibu yake na kuamua hatua inayofuata bila kuongozwa kila mara. Uwezo huo ni wa lazima katika kazi hii, kwa sababu modeli inayojibu kwa kumbukumbu yake pekee hubuni majina ya jeni kwa ufasaha uleule inaoutumia kutaja yaliyo sahihi. Katika utafiti wa GeneGPT, uliotolewa mwaka 2023, modeli ilifundishwa kuita yenyewe huduma za mtandaoni za hifadhidata za NCBI, ikapata wastani wa alama 0.83 kati ya 1 katika maswali ya GeneTuring, mtihani wa maarifa ya jeni kwa modeli za lugha, ilhali ChatGPT ilipata 0.12. Maswali hayo yaliegemea zaidi jeni za binadamu, kwa hiyo takwimu hizo zisichukuliwe kuwa ahadi kwa anayeshughulika na mhogo au mtama. Hata hivyo zinaonyesha wazi kwamba chombo anachopewa wakala kina uzito mkubwa katika ubora wa jibu.

Ulinganisho huu unahusu njia nne ambazo mtu anaweza kuzitumia bila malipo. Ya kwanza ni kiolesura cha REST (njia ya programu kuuliza data kupitia anwani za mtandao) cha Ensembl Plants, hifadhidata inayotunzwa na EMBL-EBI huko Hinxton, Uingereza, kwa ushirikiano na mradi wa Gramene wa Marekani. Ya pili ni huduma za NCBI, kituo cha serikali ya Marekani kilichoko Bethesda, hasa E-utilities na programu yake mpya zaidi iitwayo Datasets. Ya tatu ni gget, programu ya Python na ya mstari wa amri iliyoelezwa katika makala ya Laura Luebbert na Lior Pachter ya mwaka 2023, ambayo hukusanya majibu ya hifadhidata kadhaa kwa amri fupi. Ya nne ni hazina ya ndani, yaani faili za jenomu (DNA yote ya kiumbe) na anotesheni (maelezo ya jeni zipi zimo humo na ziko wapi) zilizopakuliwa na kuwekwa kwenye kompyuta au seva ya mtafiti mwenyewe, kisha wakala akaruhusiwa kuuliza humo tu. Itifaki ya MCP, ambayo imetajwa sana tangu Anthropic ilipoitangaza Novemba 2024, haimo katika orodha hii kwa kuwa yenyewe haina data. Ni namna ya kumuunganisha wakala na mojawapo ya njia hizi nne, nayo ina sehemu yake hapa chini.

Vigezo ni vitano. Kwanza, je, mmea unaoutafiti umo? Pili, je, jibu linakuja na kitambulisho na toleo la jenomu vinavyoweza kuhakikiwa? Tatu, jibu lina ukubwa na umbo gani linapomfikia wakala? Nne, ni mipaka gani ya maombi imewekwa, na mtandao ukikatika inakuwaje? Tano, kuanzisha na kutunza njia hiyo kunahitaji kazi kiasi gani? Kigezo cha pili nimekipa nafasi kubwa kuliko vingine, kwa sababu wakala anayeshindwa kupata jibu humgharimu mtafiti dakika chache, lakini wakala anayeleta jeni ya toleo jingine kwa kujiamini anaweza kumgharimu msimu mzima wa maabara.

Mimea iliyomo

Ensembl Plants huchagua jenomu inazozipokea, na kila inayopokelewa huingizwa katika mfumo mmoja wa anotesheni, miti ya ukoo wa jeni na ulinganisho kati ya spishi. Mazao makuu yamo: mpunga, mahindi, ngano, mtama, mhogo, kunde, na bila shaka Arabidopsis thaliana, mmea ambao jenomu yake ilikuwa ya kwanza ya mmea kukamilishwa, mwaka 2000. Anayeuliza kuhusu zao kubwa na jamaa zake atahudumiwa vizuri hapa kuliko popote.

NCBI ni ghala. Humo kuna jenomu zilizochaguliwa na kupewa anotesheni na kituo chenyewe chini ya jina la RefSeq, lakini pia kuna kila kilichowasilishwa na watafiti wa dunia nzima, tangu jenomu kamili hadi kipande kimoja cha DNA. Kwa Afrika jambo hili lina maana kubwa. Muungano wa African Orphan Crops Consortium, wenye makao katika kituo cha kilimo mseto cha Nairobi, ulijiwekea orodha ya mazao 101 ya Kiafrika ambayo sayansi ilikuwa imeyasahau, na makala yake kuhusu jenomu tano za mwanzo ilihusu njugu mawe, fiwi, mlonge, mng'ongo na Faidherbia albida. Mwaka 2023 fiwi lilipata jenomu bora zaidi, iliyofika kiwango cha kromosomu, katika kazi iliyohusisha watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, jijini Nairobi. Mtu anayetafiti mazao ya namna hii aanze kutafuta NCBI, kisha ndipo aangalie kama Ensembl Plants nayo imeyapokea.

gget hurithi mimea ya Ensembl. Amri zake za kutafuta jeni na za kupata faili za jenomu zinafika kwenye mimea, lakini amri nyingine kadhaa, kama zile za viwango vya utendaji wa jeni katika tishu, zilijengwa kwa ajili ya binadamu na panya, na wakala asiyeelezwa hivyo atazijaribu kwenye mpunga na kupoteza muda. Hazina ya ndani ina mimea uliyoiweka, pamoja na ile ambayo haijachapishwa popote.

Vitambulisho na toleo la jenomu

Jeni moja ya mmea inaweza kuwa na majina matatu rasmi, yote yakiwa sahihi. Katika mpunga, jeni iitwayo Os01g0100100 katika mfumo wa RAP ndiyo iitwayo LOC_Os01g01010 katika mfumo wa MSU, ingawa mifumo yote miwili inaeleza jenomu ya aina ileile ya mpunga, Nipponbare, ambayo ndiyo ya rejea. Katika mhogo, kitambulisho kinachoanza na Manes kikifuatwa na nukta kwenye Phytozome, hifadhidata nyingine ya jenomu za mimea, huandikwa kwa kuanza na MANES_ kwenye Ensembl Plants, na NCBI ina mfumo wake unaoanza na LOC. Mahindi yana historia ndefu zaidi: majina ya GRMZM2G, yaliyoambatana na matoleo ya awali ya jenomu ya B73 (aina ya mahindi ya rejea) iliyochapishwa mwaka 2009, yalifuatwa na Zm00001d katika toleo la nne, kisha Zm00001eb katika toleo la tano. Makala nyingi ambazo modeli zimejifunza kutokana nazo ziliandikwa enzi za GRMZM2G, kwa hiyo wakala huelekea kuanza na jina la zamani hata anapoulizwa kuhusu jenomu mpya.

Ensembl Plants ikipewa kitambulisho isichokitambua hurudisha ujumbe wa kosa, na kosa hilo ni msaada kwa sababu linasimamisha kazi mahali panapostahili. Hatari huanza pale wakala anapojaribu kulitatua mwenyewe kwa kukisia jina jipya linalofanana na la zamani. Hakuna kanuni ya kimaandishi inayoweza kumtoa mtu kwenye GRMZM2G hadi Zm00001eb. Panahitajika jedwali la ulinganisho, kama yale ya MaizeGDB, hifadhidata ya mahindi, na maagizo ya wakala yaseme hivyo waziwazi. Faida nyingine ya Ensembl ni kwamba ukiuliza kitambulisho kupitia anwani ya lookup, jibu lenyewe linataja jina la jenomu iliyotumika, kwa mfano TAIR10 kwa Arabidopsis, hivyo wakala anaweza kuamriwa alinakili jina hilo katika kila jibu analotoa.

NCBI nayo huonyesha toleo, lakini inadai umakini zaidi. Namba za jenomu zinazoanza na GCA ni za mkusanyo (jenomu iliyounganishwa kutoka vipande vya DNA) kama ulivyowasilishwa na watafiti, na zile zinazoanza na GCF ni za nakala ya RefSeq. Kwa mimea mingi, RefSeq ina anotesheni iliyotengenezwa na NCBI yenyewe, na mipaka ya jeni humo inaweza kutofautiana na ile ya waliosoma jenomu hiyo mwanzoni. Mtu aliyechukua mahali pa jeni kutoka GCF na mfuatano wa DNA kutoka faili za Phytozome anaweza kuwa anachanganya vitu viwili bila onyo lolote kutokea kwenye skrini.

gget, kwa upande wake, hutumia toleo la karibuni la Ensembl mpaka uiambie vinginevyo. Amri za gget ref na gget search zinakubali kutajiwa namba ya toleo, na ningependa kila mtu anayempa wakala zana hii aifanye namba hiyo kuwa ya lazima, la sivyo jibu la leo na la mwaka ujao yanaweza kutofautiana bila mtu kujua sababu. Hazina ya ndani ndiyo yenye nguvu zaidi katika kigezo hiki, kwa kuwa faili halibadiliki mpaka mwenyewe ulibadilishe. Nguvu hiyo ina upande wake wa pili: ukichukua faili lisilo sahihi mwanzoni, wakala atakuwa akirudia kosa lilelile kila siku.

Kuna suala moja ambalo hakuna kati ya njia hizi inayoliondoa kabisa, nalo ni jeni isiyokuwemo katika jenomu ya rejea. Jeni ya SUB1A, iliyoelezwa mwaka 2006 na inayouwezesha mpunga kuvumilia kuzamishwa na mafuriko, haimo katika Nipponbare. Kwenye kromosomu ya 9 ya Nipponbare kuna majirani zake, SUB1B na SUB1C. Wakala anayeulizwa kuhusu SUB1A na kupewa jenomu hiyo tu anaweza kurudi na mmoja wa majirani hao, akaueleza vizuri, na msomaji asiyelijua jambo hili akauamini. NCBI ina nafuu hapa, maana mifuatano ya SUB1A imewekwa GenBank, ghala la mifuatano la NCBI, kama rekodi zinazojitegemea; Ensembl Plants ina jenomu nyingine za mpunga zaidi ya Nipponbare, lakini wakala hatazifungua asipoelekezwa; na hazina ya ndani itategemea kama aliyeiandaa alilifikiria suala hili. Kwa anayetafiti mpunga wa mabonde yanayofurika, huu si mfano wa pembeni hata kidogo.

Ukubwa na umbo la jibu

Modeli ya lugha husoma jibu lote inaloletewa, na kila herufi inachukua nafasi katika kumbukumbu ya mazungumzo. Kwa hiyo jibu fupi lenye muundo ulio wazi lina thamani kuliko jibu refu lenye kila kitu.

Ensembl Plants hurudisha JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome) iliyo safi, na anwani zake zimegawanywa kwa kazi: kutafuta kitambulisho, kupata mfuatano, kupata jeni zenye asili moja katika spishi nyingine, kukadiria athari ya badiliko la DNA. Kikwazo kimoja hujirudia mara nyingi: anayeuliza kuhusu ukoo wa jeni za mimea hupaswa kuongeza kigezo cha compara=plants, la sivyo seva huangalia hifadhidata ya wanyama wenye uti wa mgongo, na wakala hupata jibu tupu ambalo hulitafsiri kwamba jeni haina jamaa. Ngano nayo ina mtego wake. Jenomu yake ina seti tatu, A, B na D, na mradi wa kimataifa ulioichapisha mwaka 2018 ulihesabu jeni 107,891 zenye uhakika mkubwa. Jeni moja ya mpunga huwa na wenzake watatu katika ngano, na wakala asiyeambiwa atachukua wa kwanza katika orodha na kuwaacha wawili.

E-utilities za NCBI ni kongwe, na umri wao unaonekana. Utafutaji na muhtasari hupatikana kwa JSON, lakini rekodi kamili ya jeni huja kwa XML ndefu ambayo inaweza kuijaza kumbukumbu ya wakala kabla hajafikia sehemu anayoitaka. Afadhali wakala apewe muhtasari kwanza, na rekodi kamili iwe kwa ombi maalumu. Datasets imeliboresha hili sana kwa upande wa jeni na jenomu, kwa kuwa hurudisha JSON iliyopangwa vizuri na hukubali amri fupi ambazo wakala huziandika kwa usahihi.

gget ndiyo yenye majibu mafupi zaidi, kwa sababu iliundwa ili mtu apate kwa amri moja kile ambacho kingehitaji kufungua kurasa tatu. Ufupi huo humsaidia wakala mdogo, hasa modeli ndogo zinazoendeshwa kwenye kompyuta ya mtafiti mwenyewe. Katika hazina ya ndani umbo la jibu unaliamua wewe: programu ya gffutils hugeuza faili la anotesheni la GFF3 kuwa hifadhidata ya SQLite, na wakala akauliza safu tano anazozihitaji badala ya elfu tano.

Kwa njia zote nne ninashauri mfuatano wa DNA usipite katika mazungumzo. Modeli za lugha huhesabu herufi vibaya na zinaweza kudondosha besi katikati ya mstari bila kujua. Chombo kiandike mfuatano kwenye faili, kimrudishie wakala jina la faili na urefu wake, na kazi ya kulinganisha ifanywe na programu za kazi hiyo, kama BLAST au DIAMOND.

Mipaka ya maombi na mtandao

Ensembl huruhusu maombi 15 kwa sekunde na 55,000 kwa saa. Ukivuka, seva hurudisha msimbo 429 pamoja na muda wa kusubiri, na chombo kilichoandikwa vizuri huuheshimu muda huo bila kumsumbua wakala. Kiolesura hiki pia hukubali vitambulisho hadi 1,000 katika ombi moja la lookup, na 50 kwa ombi la mifuatano, kwa hiyo wakala anayeuliza jeni mojamoja katika orodha ya mia tatu ameachwa afanye kazi vibaya na aliyemwandalia chombo.

NCBI ni kali zaidi: maombi matatu kwa sekunde bila ufunguo wa kumtambulisha mtumiaji, na kumi kwa mwenye ufunguo, ambao hupatikana bila malipo kwa kufungua akaunti. Kwa BLAST ya mtandaoni, maombi yasikaribiane kuliko sekunde kumi, na matokeo ya kazi moja yasiulizwe zaidi ya mara moja kwa dakika. Wakala aliyeachiwa huru hukiuka kanuni hizi kwa urahisi, maana hujaribu tena na tena anapokosa jibu. Katika vyuo na vituo vingi vya utafiti watumiaji wote hutoka nje kwa anwani moja ya mtandao, hivyo wakala mmoja asiye na breki anaweza kuwafungia mlango wenzake wote.

NCBI pia huomba kazi kubwa zifanywe mwisho wa juma, au siku za kazi kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri kwa saa za mashariki ya Marekani. Huku Afrika Mashariki kipindi hicho ni takriban kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa sita mchana, kikisogea mbele kwa saa moja wakati wa majira ya baridi ya huko. Asubuhi ya kazi ya Morogoro au ya Namulonge nchini Uganda, kwa maneno mengine, ndiyo saa nafuu ya NCBI, na ni vyema kuitumia.

gget haina mipaka yake yenyewe. Inabeba ya wale inaowaita. Hazina ya ndani haina mpaka wowote zaidi ya nguvu za mashine, na mtandao ukikatika utafutaji unaendelea, ilimradi modeli yenyewe nayo iko ndani.

Kuanzisha na kutunza

Ensembl Plants haihitaji kusakinisha chochote. Maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu anwani sita au saba yanatosha kumwanzisha wakala. NCBI inahitaji ufunguo, na kwa kawaida programu ya Datasets au maktaba ya Biopython. gget husakinishwa kwa amri moja, lakini kwa kuwa inategemea hifadhidata za wengine, mabadiliko upande wao huweza kuivunja mpaka watunzaji wake watoe toleo jipya. Anayeitumia katika kazi ya muda mrefu aisasishe mara kwa mara.

Hazina ya ndani ndiyo yenye gharama kubwa mwanzoni. Jenomu ya Arabidopsis ina takriban jozi besi milioni 135 na inakaa popote, ya mahindi inapita bilioni mbili, na ya ngano inakaribia bilioni 17. Pamoja na nafasi ya diski, kuna masharti ya matumizi ya kusoma kabla ya kupakua. Phytozome hudai kujiandikisha, na baadhi ya jenomu zake ambazo hazijachapishwa zina vikwazo vya matumizi. TAIR, hifadhidata kuu ya Arabidopsis, iliingia mfumo wa usajili wa kulipia mwaka 2013 baada ya ufadhili wa serikali ya Marekani kukoma. Asitumwe wakala kuchota kurasa za tovuti za namna hii kwa wingi. Mbali na kukiuka masharti, ni kuwaumiza wanaoihifadhi elimu hii kwa fedha kidogo.

Nafasi ya MCP

MCP humpa wakala orodha ya zana, kila moja na jina, maelezo na aina ya vigezo inavyopokea. Faida yake ni kwamba zana ileile inaweza kutumiwa na programu tofauti za wakala bila kuandikwa upya. Kwa hifadhidata za jeni, naona faida nyingine iliyo kubwa zaidi: ndipo mahali pa kuweka nidhamu. Seva ndogo ya MCP yenye zana nne au tano inaweza kuongeza compara=plants yenyewe, kukataa ombi lisilotaja spishi, kuweka jina la jenomu katika kila jibu, kusubiri kwa muda unaotakiwa, na kuficha ufunguo wa NCBI usionekane katika mazungumzo. Zana zikiwa nyingi mno, wakala huanza kuzichanganya.

Kuna seva za MCP za Ensembl na NCBI zilizotengenezwa na watu binafsi na kuwekwa wazi, na ubora wake unatofautiana sana. Isome programu yenyewe kabla ya kuisakinisha, hakikisha inasoma tu bila ruhusa ya kufuta au kuendesha amri zozote, na uangalie inachofanya inapopata jibu tupu. Kumbuka pia kwamba hata hazina ikiwa ndani ya jengo lako, majibu yake hupelekwa kwa modeli. Kama modeli iko kwenye seva za kampuni ya nje, data ya mbegu ambayo haijachapishwa imetoka.

Uchague kwa hali yako

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeanza, mwenye kompyuta ndogo na maswali ya aina ya "jeni hii hufanya nini na ina jamaa gani", atahudumiwa vyema na gget kwa siku za mwanzo, kisha ahamie kwenye kiolesura cha Ensembl Plants atakapohitaji ukoo wa jeni na athari za mabadiliko ya DNA. Anayelinganisha mazao makuu, kwa mfano kutafuta katika mtama wenzake wa jeni inayojulikana katika mahindi, aanze moja kwa moja na Ensembl Plants.

Anayeshughulika na njugu mawe, fiwi, mlonge au mmea mwingine ulioachwa nyuma achague NCBI, apate ufunguo siku ya kwanza, na amwagize wakala kutaja kila mara kama namba ya jenomu ni GCA au GCF. Ikiwa mmea huo una mkusanyo bila anotesheni, utafutaji wa majina hautasaidia, na kazi itakuwa ya BLAST. Hapo hazina ya ndani yenye BLAST+ (BLAST ya kusakinisha mwenyewe) ni bora kuliko kuisumbua seva ya mbali.

Wataalamu wa mbegu za mhogo wana hali yao. Mwaka 2022 ilichapishwa kwamba ukinzani uitwao CMD2 dhidi ya ugonjwa wa batobato unatokana na mabadiliko katika jeni ya MePOLD1 kwenye kromosomu ya 12, na swali la jeni kama hiyo lina nusu mbili: DNA yake, na tabia ya mimea inayoibeba shambani. Nusu ya kwanza iko Ensembl Plants, Phytozome na NCBI. Nusu ya pili iko Cassavabase, hifadhidata ya wazalishaji wa mbegu za mhogo, ambayo hutoa data za majaribio kupitia BrAPI, kiwango cha kubadilishana data za uzalishaji wa mbegu, na wakala wa kituo kinachozalisha mbegu aunganishwe na vyanzo vyote viwili, kila kimoja kwa zana yake.

Taasisi yenye mistari ya mbegu isiyochapishwa, au yenye mtandao wa kusuasua, iwekeze katika hazina ya ndani, ianze na zao moja, na iendeshe modeli ya ndani kwa maswali yanayogusa data hiyo. Kikundi chenye mchanganyiko wa mahitaji haya kijenge seva moja ya MCP inayosoma hazina ya ndani kwanza na Ensembl Plants baadaye, na ieleze katika kila jibu ni wapi lilikotoka.

Anayeandaa makala ya kuchapishwa anaweza kutumia njia yoyote kutafuta, lakini matokeo ya mwisho ayarudie juu ya faili zilizopakuliwa, zenye namba ya toleo na tarehe iliyoandikwa. Na kabla ya kuikabidhi njia yoyote kazi ya kweli, wakala apewe maswali ambayo majibu yake yanajulikana: jeni ya FLC ya Arabidopsis inapaswa kurudi kama AT5G10140, LOC_Os01g01010 inapaswa kurudi kama Os01g0100100, jeni ya ngano inapaswa kuja na wenzake wa A, B na D pale walipo, na SUB1A ikiulizwa katika Nipponbare, jibu linalotakiwa ni kwamba haimo.